Beseni la Maji ya Moto

Mke wangu alilimwagilia maji ua la plastiki kwa siku tatu mfululizo kabla hajagunduliwa. Ua lenyewe lilikuwa kwenye chungu kikubwa karibu na lifti, ghorofa ya nane ya meli iliyojaa wastaafu wa kila rangi, na katikati yao sisi wawili kutoka Kasikeu. Naanza na ua kwa sababu najijua. Nikianza na bahari nitajisifu, na katika habari hii sina cha kujisifia.

Tiketi tulikatiwa na mwanetu wa kwanza, anayefanya kazi Uarabuni. Alisema tumehangaika vya kutosha, sasa tukae siku nane tukihudumiwa. Meli iliondokea hukohuko aliko, ikatia nanga katika bandari mbili tu, na siku nyingine zote zilikuwa za maji matupu, bila kisiwa wala mnara. Mwanetu alisema hizo ndizo siku tamu zaidi, kwa kuwa hakuna cha kufanya.

Mimi niliendesha winchi bandarini Mombasa kwa miaka thelathini na mmoja. Nimetoa ngano, magari na mitambo kwenye matumbo ya meli nyingi, lakini sikuwahi kusafiri ndani ya hata moja. Mke wangu alibaki nyumbani na watoto wanne, mbuzi, na shamba la mahindi na ndengu. Wengi wetu Ukambani tuliishi hivyo. Mwanamume anatafuta pwani au Nairobi, mke anashika boma, na mnakutana Desemba. Kila Desemba nilimwahidi kwamba mwaka ujao nitampeleka akaone bahari. Mwaka ujao ukifika, mtoto anaugua, au mvua inakosa, au mimi mwenyewe nasahau kwa makusudi. Nilistaafu na kurudi nyumbani kabla hajaiona.

Tumeishi pamoja miaka sita sasa tangu nistaafu, na ukitaka ukweli, hatukuwa tumezoeana. Nilikuta mwanamke mwenye ratiba yake, na mimi nilikuja na sauti ya kuamrisha makuli. Hatukugombana sana. Tulipishana tu ndani ya nyumba, kila mmoja akimngoja mwenzake atoke jikoni.

Siku tuliyopokea habari za tiketi alikuwa uani anapepeta ndengu. Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza kumweleza, kisha akaweka ungo chini.

"Hiyo safari nimekubali," alisema. "Lakini tukirudi, wewe utashuka Salama uende nyumbani. Mimi sishuki. Naendelea na basi mpaka kwa msichana."

Salama ni kituo chetu cha basi, na msichana ni binti yetu, mwalimu huko Ikutha, mbele zaidi.

"Unaenda kumsalimia?"

"Naenda kukaa."

Alisema bila hasira, akachukua ungo wake tena. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mke akigomba, unajua bado kuna la kuzungumza. Huyu alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Kwa akili zangu za mtu aliyezoea kuinua mizigo akiwa ameketi, nilijiambia kwamba najua tatizo liko wapi. Mwanamke huyu ana kinyongo cha bahari. Nilimwahidi nikamdanganya, sasa amechoka. Basi Mungu amenipa bahari nzima na siku nane za kumwonyesha. Nilipanda ile ngazi ya meli nikiwa na uhakika kwamba tukifika Salama tutashuka wote.

Siku ya kwanza ya maji matupu nilimpeleka ghorofa ya juu, penye viti vya kujilaza, nikaanza kufundisha. Nilimwonyesha winchi za mbele na kamba zake. Nilimweleza namna ya kuitambua meli ya mafuta kwa mbali, na kwa nini maji yalikuwa meusi pale na ya kijani kule. Yeye alikuwa amekuja na nyuzi za mkonge sandukuni, na kikapu cha kiondo kilichosukwa kitako tu. Alisuka. Kila nilipopumua alisema, "Eeh," bila kuinua macho. Bibi mmoja Mzungu alisimama akaomba kukigusa kile kiondo, na mke wangu akampa tabasamu pana ambalo mimi sijapewa tangu mavuno.

Siku za baharini ni ndefu. Unakula, unatembea kuizunguka meli, unarudi unakuta bado ni saa nne asubuhi. Wazee wenzetu walilala na vitabu vimefunguka kifuani. Wengine walicheza karata kimyakimya. Nilipokuwa kule juu kwenye kibanda cha winchi, jua likinichoma mgongo, niliota mapumziko ya namna hii hasa. Sasa nimeyapata, nikakuta hayana kazi nyingine ila kumkumbusha mtu mambo yake.

Nikakumbuka Desemba. Niliikumbuka kwa uchungu mtamu, nami si mtu wa kulialia. Nashuka Salama na godoro, sukari, kitambaa cha sare za watoto. Natembea ile njia ya vumbi hadi nyumbani. Watoto wanakuja mbio, wadogo wananiogopa kwanza kwa sababu wamenisahau. Kisha mke wangu anatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso na kusema, "Baba, maji yako iko tayari." Nyuma ya nyumba kuna bafu la magunia, jiwe bapa la kusimamia, na beseni limejaa hadi mdomoni. Maji yale yalichemshwa kwa kuni, yalinukia moshi. Najimwagia safari yote, najimwagia mwaka mzima, na maji machafu yanateremka kwenye mfereji mdogo hadi shina la mpapai. Nikitoka pale najiona mwenye nyumba. Sijapata starehe kama ile mahali popote, na nimekula sikukuu na makapteni.

Basi nikamwambia. Nilidhani ni maneno matamu.

"Hapa maji ya moto yanatoka ukutani tu, lakini hayana harufu. Unakumbuka maji yako ya Desemba? Beseni zima, yana moshi. Mimi hayo ndiyo nayakumbuka kuliko yote."

Vidole vyake vilisimama juu ya kiondo. Aliniangalia, kisha akaendelea kusuka.

"Eeh," alisema.

Mambo ya bafuni nilikuwa nimeyaona, nikajitia hamnazo. Bafu letu lilikuwa dogo, unageuka kwa mpango. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameondoa takataka kwenye ile ndoo nyeupe ya plastiki, ameiosha kwa sabuni, ameiweka chini ya bomba la mvua. Maji ya baridi yanayotangulia kabla ya moto aliyakinga na kuyaweka kando. Aliyoogea aliyakinga vilevile, akafulia soksi zetu. Kisha alijifunga leso, akatoka na ndoo. Nilidhani anatafuta mahali pa kumwaga, sikuuliza. Mwanamume hafuati mke wake na ndoo.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, tukabishiwa hodi. Alikuwa mama wa makamo kutoka Ufilipino aliyesafisha vyumba vya ghorofa yetu, mtu mpole mwenye saa ya kiume mkononi. Kiingereza nilikiokota bandarini, kwa hiyo nilimwelewa. Alisema zulia la karibu na lifti limelowa hadi chini, na mgeni mmoja amemwona mke wangu akilimwagilia ua. Hakuja kulaumu. Alitaka kujua kama tuna shida na maji ya chumbani.

"Lile ua," alisema akishusha sauti ili asituaibishe, "ni la plastiki."

Damu ilinipanda kichwani. Niliona wale wazee wote wa karata wakitucheka, niliona kila meli niliyowahi kuipakua ikitucheka. Nikamgeukia mke wangu nikafoka kwa Kikamba, na kufoka hakuhitaji mkalimani. Yule mama alirudi nyuma hatua moja.

"Hata huku unaniaibisha? Hujui ua la kweli na la uongo? Mtu atadhani hujawahi kutoka kijijini."

Mke wangu aliweka kiondo kitandani.

"Na kweli sijatoka," alisema. "Ningetoka, maji ingeletwa na nani?"

Akaokota kiondo chake na kupita katikati yetu kwenda nje. Nilibaki mlangoni na yule mama. Nikamweleza kwamba sisi kwetu maji hayatupwi. Unaoga, kisha unafulia, kisha unampa mti. Mke wangu ameoga, amefua, akatafuta mti. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. Alasiri nilikuta ametuachia ndoo ya bluu yenye mkono, safi kabisa, bafuni.

Nilienda kulitazama lile ua. Lilikuwa na majani mapana, mishipa imechorwa, hata kikovu cha jani lililonyauka walikuwa wamekitia. Nililigusa ndipo nikaamini. Mimi mwenyewe nisingeligundua kwa macho. Nilisimama pale watu wakiingia na kutoka kwenye lifti, na aibu ikanigeukia. Nilikuwa nimemfokea mtu kwa kuhurumia mti.

Nilimpata ghorofa ya juu. Upepo ulikuwa umemvua kitambaa cha kichwa, amekifungia kwenye mkono wa kiti. Jua la baharini halifichi kitu. Pale juu ya paji la uso, nywele zinapoanzia, kulikuwa na bonde. Bonde la kweli, upana wa vidole viwili, linazunguka kutoka sikio hadi sikio. Nimemwoa mwanamke huyu miaka arobaini na mitatu. Sikuwa nimewahi kuliona, au nililiona nikalichukulia ndivyo alivyozaliwa.

"Hapo kichwani ulifanya nini?"

Alijigusa kana kwamba naye amesahau.

"Ni mukwa."

Mukwa ni ukanda wa ngozi. Unafunga mtungi wa maji mgongoni, ukanda unapita juu ya paji la uso, na shingo ndiyo inayobeba.

"Si kulikuwa na punda?"

"Punda alikufa ule mwaka wa njaa. Mwingine tulipata nikiwa nimeshazaa lastborn. Huyo lastborn nimembeba mbele, maji nimebeba nyuma."

Alisema akisuka. Akanieleza bila kunitazama, na mimi kwa mara ya kwanza tangu tupande meli nilinyamaza. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi, maji yako chini, unachimba shimo kwa kibuyu na kungoja yajikusanye. Kwenda na kurudi ni saa tatu, kama foleni si ndefu. Wiki moja kabla ya mimi kufika alikuwa akienda mara mbili kwa siku, ili pipa la pembeni mwa nyumba lijae.

"Ile pipa ulikuwa unakuta imejaa kila Desemba," aliuliza, "ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri ni mvua."

Hapo ndipo aliponitazama. Desemba kwetu mvua huwa imenyesha, ikipenda. Pipa liko chini ya mfereji wa mabati. Mtu anatoka pwani, anakuta pipa limejaa, anamshukuru Mungu na kuoga.

"Mvua," alisema. Akaanza kucheka, cheko la chinichini lililomtikisa mabega, hadi kiondo kikamtoka mapajani. "Baba, miaka yote hiyo. Mvua."

Mimi sikucheka. Niliona kila beseni nililooga, moja moja, likirudi kule lilikotoka, mgongoni mwake. Starehe yangu kubwa duniani, ile niliyokuwa nimekaa juu ya bahari nikiililia, ilikuwa shingo ya mtu. Na miaka hii sita niliyokaa nyumbani, mabomba ya maji yakiletwa na kukauka, bado nilioga asubuhi na jioni, na sikuwahi hata siku moja kumfuata punda hadi mtoni. Niliona haya kama sijawahi kuona haya. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Eeh," alisema, lakini eeh hii ilikuwa nyingine.

"Ndiyo maana unaenda Ikutha?"

"Msichana ako na bomba," alisema. "Nimechoka tu, Baba. Si vita."

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla yake. Nilichukua ndoo ya bluu, nikakinga maji ya moto, nikachanganya na ya baridi, nikayajaribu kwa kiwiko kama nilivyowahi kumwona akiwafanyia watoto. Niliiweka ndoo katikati ya bafu. Nikasimama mlangoni nimevaa fulana, mzee mzima, nikasema, "Mama, maji yako iko tayari."

Alifungua jicho moja.

"Umetoa wapi?"

"Hapa bombani."

"Umetembea hatua ngapi?"

"Tatu."

"Hatua tatu," alisema, akalifumba tena jicho. Hata hivyo aliamka akaoga, na alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, ndoo ilikuwa na maji aliyoyakinga. Tukayatazama wote wawili.

"Sasa haya tunapea nani?" aliuliza.

Hatukuwa na mti. Tuliyamwaga chooni, akafumba macho nilipokuwa nikiyamwaga. Kisha akaja nje kwenye roshani, kwa hiari yake, bila kiondo. Aliitazama bahari kwa utulivu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayekagua shamba la jirani.

"Na hii yote hainywewi?"

"Hainywewi. Ni chumvi."

"Sasa mbona uliisifu hivyo kwa barua?"

Siku zilizobaki tulikaa. Sikufundisha tena. Nilimshikia nyuzi alipokuwa akizipinda, na wakati mwingine alinisimulia mambo ya watoto ambayo sikuwepo yalipotokea, nani aliyevunjika jino, nani aliyekataa shule. Nilikuwa nauliza maswali kama mgeni, naye ananijibu kwa subira. Kila asubuhi nilimtilia maji. Kuhusu Salama sikuuliza. Sikuwa na haki ya kuomba, na nilijua nikiomba itakuwa ni kumtwisha mzigo mwingine. Mimi niliyepanda meli na uhakika nilishuka bila hata chembe.

Kutoka Nairobi tulipanda basi la barabara ya Mombasa. Alikaa dirishani, kiondo kimekamilika, kimejaa sabuni ndogondogo za meli. Basi liliposimama Salama nilinyanyuka, nikachukua sanduku langu, nikamwambia amsalimie msichana na wajukuu. Yeye alikuwa anaangalia nje, penye vibanda vya wauza matunda na vyombo.

Nilishuka. Nikasimama kando ya barabara nikijifanya natengeneza mkanda wa sanduku, ili basi liondoke bila mimi kulitazama. Nikasikia kondakta akigomba na mtu asiyeamua. Kisha basi likaondoka, nami nikainua kichwa.

Alikuwa ng'ambo ya mtaro, kwenye kibanda cha vyombo, sanduku lake limelala chini karibu na miguu. Alikuwa ameinua mtungi wa plastiki wa manjano, wa lita ishirini, anachungulia ndani kama kuna ufa. Aliupiga kwa kiganja. Alikuja nao hadi niliposimama, akaniwekea mkononi.

"Huu ni wako," alisema. "Ile ya nyumbani ni yangu."

"Na Ikutha?"

"Ikutha iko. Nitaangalia kwanza utaubeba siku ngapi."

Kesho yake asubuhi alinionyesha njia ya mtoni. Kasikeu nilikuita kwetu maisha yangu yote, na njia hiyo sikuijua.